Tulipoitafutia Timu Tajiri

Barasa mwanangu,

Umeenda Adungosi kuwaaga wenzako, nami nimefunga hoteli mapema ili niandike kabla hujarudi. Sanduku lako nimelipanga. Habari za kufua, kula kwa wakati na kwenda kanisani siziandiki, hayo umeyasikia tangu utotoni na ukitaka utayafanya. Ninayoandika ni yale ambayo kwa mdomo yamenishinda. Juzi tulipokuwa tukichambua mchele nilikuwa nimeanza, nikaishia kukuuliza kama umenunua soksi.

Unaondoka kwenda Nakuru kucheza mpira, ukiamini kwamba baba yako aliuchukia mpira wako. Uliniambia hivyo siku ya mazishi yake, nami nikakwambia nyamaza, watu wanasikia. Haikuwa kweli. Ila huwezi kujua kwamba haikuwa kweli mpaka uijue habari ya timu yetu, Nyota ya Mpakani, na habari hiyo ulipewa nusu tu, maana wakati ule ulikuwa Khunyangu kwa kukhu wako, mama yangu, ukisoma.

Baba yako unamkumbuka mgonjwa. Mimi niliolewa na Wandera aliyekuwa hawezi kukaa kwenye kiti mpira ukitajwa. Alikuwa karani wa mizigo pale stesheni ya reli, hapa Malaba, na goti lilikuwa limeshamtoa uwanjani. Kila Jumapili aliwakusanya vijana kwenye uwanja ulio nyuma ya stesheni: wapagazi, vibarua wa reli, wasukuma mikokoteni wa huku kwenye geti la mpaka. Walicheza vizuri kipindi cha kwanza. Kipindi cha pili wakawa kama watu wanaotembea ndani ya maji.

"Mtu amebeba magunia wiki nzima," Wandera alikuwa akiniambia, "Jumapili utamwambia akimbie na miguu ya nani?"

Alitaka timu ya kulipwa. Alitaka mtu aamke asubuhi na kazi yake iwe mpira, jioni alale amechoka kwa mpira, na mwisho wa mwezi apeleke unga nyumbani kwa sababu ya mpira. Watu walimcheka. Huko Nairobi kwenyewe wachezaji walikuwa makarani na polisi kwanza, mpira baadaye. Yeye akasema kinachokosekana ni tajiri mmoja tu.

Wandera alijua mpira lakini hakujua kuongea na matajiri. Akikaa mbele ya mtu mwenye mali anakuwa kama ameitwa kujibu shtaka. Mimi ndiye niliyejua. Mwenye hoteli huwajua wenye pesa kuliko benki: humwona anayeagiza nyama bila kuuliza bei, na anayekaa karibu na mlango ili atoke kabla ya kulipa. Kwa hiyo kazi ya kutafuta tajiri ikawa yangu, na niliipenda, Barasa. Nilijisikia mtu.

Wa kwanza tuliyemwendea alikuwa Mzee Idrisa, yule Mwislamu wa Busia mwenye malori. Alitukaribisha barazani kwake, akatupa chai ya tangawizi, akamsikiliza baba yako mpaka mwisho. Kisha akasema, "Bwana Wandera, jezi nitawapa. Mpira pia nitawapa. Mshahara hapana."

Mimi nikaingilia. "Kwa nini, Mzee? Watu watakusifu."

"Jezi ni sadaka, mama. Nikishatoa nimetoa. Mshahara ni kamba. Leo nawalipa, kesho nitataka wafanye ninachotaka, na mimi nina malori, nina mambo yangu mengi. Sitaki kujaribiwa."

Tulirudi Malaba na jezi za kijani ndani ya gunia. Njiani nilimwambia baba yako kwamba mzee yule ni bahili na anajua kuufunika ubahili wake kwa maneno mazuri. Nilikuja kuyakumbuka maneno yake wakati hayanisaidii tena.

Baada yake tuliwaendea wengine. Mnunuzi wa ng'ombe wa Amukura alitaka mpwa wake apewe namba kumi, na kijana mwenyewe alikuwa akiukimbia mpira ukimjia. Mwenye kinu cha mahindi alitwambia turudi baada ya mavuno, halafu turudi baada ya Krismasi. Wandera akaanza kukata tamaa. Mimi nikazidi kuwa mkali.

Ndipo ukaja mwaka wa kahawa. Ulikuwa mbali, lakini hata kule Khunyangu mlisikia. Kahawa ya Uganda ilikuwa haina bei kwao na ilikuwa na bei kwetu, na kila aliyekuwa na mgongo aliivusha kwa magendo. Watu niliowapikia uji kwa huruma walirudi na saa mbili, moja kila mkono. Na katika hao alikuja mtu mmoja wa Uganda, anaitwa Kasule, mpole, shati jeupe, hanywi pombe. Alikuwa amepanga nyumba Busia, na akija Malaba anakula kwangu samaki na ugali mweupe, na anaacha meza safi.

Jumapili moja alikuwa anakula, vijana wakapita mbele ya hoteli wakitoka uwanjani, wamelowa, wanaimba.

"Hao ni wa nani, nnyabo?" akauliza. Nnyabo ni mama kwa Kiganda, hakuniita jina lingine.

"Ni wa mume wangu. Ila hawana mtu."

"Hawana mtu namna gani?"

Niliacha wateja wangu, nikakaa. Niliongea mpaka chai yake ikapoa. Nilimwambia habari za mishahara, za timu ambayo hakuna mtu mpakani ameiona, za jina lake kuimbwa kutoka Busia mpaka Bungoma. Yeye alisikiliza akigeuza kijiko.

"Mimi napenda mpira," akasema. "Basi nitakuwa mtu wao."

Usiku ule baba yako aliniuliza Kasule anafanya kazi gani. Nikamwambia biashara.

"Biashara gani?"

"Wandera," nikasema, "umemtafuta tajiri mpaka viatu vimeisha. Amepatikana, sasa unataka kuziuliza pesa zake zimezaliwa wapi?"

Akazima taa. Nilidhani nimemshinda kwa hoja. Nilimshinda kwa sauti tu.

Kasule hakuwa mwongo katika ahadi zake. Mwisho wa mwezi mishahara ilifika, kila mtu mkononi. Alileta viatu vya kweli, alileta lori lenye mabenchi na turubai la kutupeleka mechi. Alitaka kitu kimoja tu: wachezaji waache kazi zao nyingine na wafanye mazoezi kila siku. Ndicho baba yako alichokiota maisha yake yote, angekataaje?

Golikipa wetu alikuwa Etyang, Mteso wa Amagoro, kibarua wa kukarabati reli. Mrefu, mikono kama makasia, mwana wa pekee wa mama mjane. Wenzake walimfanya kapteni bila kupiga kura. Alikuwa wa mwisho kuacha kazi. Alikuja jikoni kwangu, akasimama akishika fremu ya mlango juu.

"Mama Barasa, reli ni kazi ya mpaka uzeeni. Huu mpira ukivunjika?"

"Ukivunjika utarudi reli," nikamwambia. "Reli imelazwa chini kwa chuma, itaenda wapi?"

Akacheka, akaenda kuaga kazi yake. Kama ningesema "ngoja kwanza," angengoja. Alikuwa ameniuliza kwa sababu mama yake alikuwa amemwambia angoje, na alitaka mtu wa kumwambia kinyume.

Sitakudanganya kwamba siku zile zilikuwa mbaya. Vijana walikimbia mpaka filimbi ya mwisho. Watu walipanda juu ya malori yaliyokuwa yakisubiri kastamu ili waone. Baba yako alisahau goti. Niliwaona wanaume wazima wakimbeba Etyang begani, yeye akiinamisha kichwa asigonge mwamba wa goli, na nikasema moyoni, hii ni kazi yangu mimi.

Kisha Kasule akaanza kutupangia mechi ng'ambo. Tororo, tena Tororo, Mbale, tena Tororo. Uganda ilikuwa chini ya askari wakati huo na watu wengi walikuwa wakikimbilia kwetu, lakini askari nao wanapenda mpira. Lori likifika geti lao wachezaji wanaimba, askari wanapewa sigara, kizuizi kinainuliwa.

Mimi ndiye niliyefua jezi. Jumatatu moja nilikunguta jezi kwenye karai, zikadondoka punje za kahawa. Nikaichukua nyingine, nayo ilinuka kahawa. Nikaelewa wachezaji walikuwa wamekalia nini walipokuwa wakirudi wakiimba.

Nilimwonyesha baba yako punje kiganjani. Hakushangaa.

"Nimeona tangu safari ya pili," akasema. "Magunia yako chini ya mbao za mabenchi. Vijana wanajua. Nataka nimwambie Kasule lori lipite tupu au tusivuke."

Barasa, alitaka kusema. Hilo ulijue kuhusu baba yako. Na mimi nikamwambia, "Ngoja msimu uishe. Ukimwambia leo, mwisho wa mwezi utawaambia nini watu uliowaachisha kazi?" Lilikuwa swali la maana, ndiyo maana lilikuwa baya. Akangoja.

Kilichotokea geti la Uganda sikukiona. Nilisimuliwa na Wandera kitandani, mwaka jana, alipokuwa akijua kwamba haponi. Walikuwa wametoka Tororo, wameshinda. Jua lilikuwa bado liko juu. Askari waliowazoea walikuwa wamehamishwa, na wageni walikuwa na amri mpya juu ya kahawa. Waliwashusha wote, wakang'oa mbao. Dereva wa Kasule alikuwa ameshapotea, hakuna aliyemwona akienda.

Ofisa akauliza kwa Kiswahili, polepole, "Mkubwa wenu ni nani?"

Mkubwa wao alikuwa baba yako. Ndiye meneja, ndiye mwenye karatasi ya kuvuka, alikuwa amesimama mbele. Aliniambia kwamba alifungua mdomo. Aliapa kwamba aliufungua. Lakini hakuna kitu kilichotoka, na katika ule ukimya Etyang akasogea mbele kutoka nyuma ya wenzake.

"Mimi ndiye kapteni," akasema.

Wakamchukua. Wengine walipigwa vitako vya bunduki, wakaambiwa wavuke daraja kwa miguu bila kugeuka. Baba yako alivuka pamoja nao. Hakugeuka.

Kesho yake asubuhi mimi nilikwenda Busia kwa Kasule. Sikuwa bado najua habari ya yule ofisa na swali lake, nilijua tu kwamba Etyang hakurudi. Nilimkuta Kasule anapiga mswaki nje ya nyumba yake, shati jeupe limetundikwa kwenye kamba. Nikamwambia ana marafiki kule, aende, au atume mtu.

Akasukutua, akatema, akapangusa mdomo.

"Nnyabo, nimesikia. Ni vibaya sana."

"Basi utaenda?"

"Kwenda kusema nini? Kwamba kahawa ni yangu?" Aliniangalia kwa huruma ya kweli, hilo ndilo lililonitisha. "Usiwe na wasiwasi juu ya timu. Golikipa mwingine nitawatafutia mimi."

Nilisimama pale nikingoja aseme kitu kingine, kwa sababu nilidhani sentensi haijaisha. Ilikuwa imeisha. Akaniuliza kama nimekunywa chai.

Bei ya kahawa iliposhuka, Kasule alihama bila kumuaga mtu. Nyota ya Mpakani haikufa siku moja. Vijana waliendelea kuja uwanjani kwa muda, wakisimama bila kugawana pande, kisha wakawa hawaji. Wachache walirudishwa reli. Wengi kazi zao zilikuwa zimeshachukuliwa na watu wengine, na baadhi yao unawaona hapo geti wakiomba kusukuma mizigo ya wanawake. Wakinikuta hunisalimu vizuri. Ningependa mmoja wao anitukane.

Kwa mama wa Etyang, Amagoro, tulikwenda mimi na baba yako. Tulimwambia amekamatwa. Alituuliza kosa lake ni nini, Wandera akatazama kuku. Nikasema mimi, "Ni mambo ya kahawa, mama." Akasema mwanawe hakuwa na hata mche mmoja wa kahawa.

Sasa ukumbuke ile siku uliporudi kutoka shuleni ukasimama hapa mlangoni, bado na sare, ukatuambia umechaguliwa kapteni wa timu ya shule. Baba yako aliinuka akatoka. Hakula. Jioni akachukua viatu vyako akavitia kwenye moto wa jiko, na wewe hukumsemesha tena kwa neno refu mpaka alipokufa. Mimi nami sikujua sababu, nilidhani ni ugonjwa umeingia kichwani. Alikuja kuniambia mwenyewe: lile neno kapteni lilipotoka mdomoni mwako alisikia sauti ya mtu mwingine. Nikamwomba akwambie. Akasema, "Nitamwambia nini? Kwamba niliogopa?" Nilimwambia ndiyo, umwambie hivyo hivyo. Hakuweza. Alikuja kukuona ukicheza mara moja, Amagoro, amesimama nyuma ya ofisi za serikali mahali ambapo hungemwona. Aliporudi alisema mguu wako wa kushoto ni mzuri kuliko wake. Ndiyo maneno yake yote.

Kuhusu huyu tajiri wako wa Nakuru, nilimlisha alipokuja, na nikamuuliza mbele yako anapata nini kwa kuanzisha timu mpya na kuwalipa watu. Uliona haya, ukaniangalia vibaya. Lakini ulisikia alivyojibu. Kwanza alicheka, halafu akasema, "Mama, nataka jina. Nikisimama kuomba kura, watu wawe wananijua." Jibu hilo nililipenda kuliko kama angesema anapenda mpira. Sikwambii umwamini. Nakwambia unajua anachotaka, nasi hatukutaka kujua. Akishakipata hatakuhitaji, na akikikosa pia hatakuhitaji. Kwa hiyo cheti chako cha ufundi wa umeme usikiache hapa kwenye sanduku la baba yako kama ulivyopanga. Nimekitia ndani ya sanduku lako, chini ya nguo. Na mwenzako akikuuliza kama aache kazi yake afuate mpira, mwambie hujui. Usione aibu kutojua. Mimi nilijua, umeona yaliyotokea.

Kuna jambo la mwisho, na ndilo zito.

Serikali ya wale askari ilipoanguka mwaka huu, watu walianza kuvuka kwenda kuwatafuta jamaa zao. Mama wa Etyang alinijia, akasema hajui njia za Tororo. Nikaenda naye. Tulizungushwa kutoka kambi hadi gereza, kutoka gereza hadi ofisi moja isiyokuwa na mlango. Kijana mmoja mwenye bunduki alitusikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, akasema, "Wamama, walikuwa wengi." Basi. Hakukuwa na mahali pengine pa kuuliza.

Tukirudi, darajani, nikamwambia yote. Nilimwambia juu ya jikoni na fremu ya mlango. Nilimwambia ofisa aliuliza nini, ni nani aliyepaswa kujibu na ni nani aliyejibu. Tulipofika kwenye vibanda vya huku kwetu akasimama.

"Alipojibu," akaniuliza, "sauti yake ilikuwa inatetemeka?"

"Wandera alisema haikutetemeka."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa chenji sawa. Hakunipa mkono. Akashika njia ya Amagoro peke yake na tangu siku ile hajaja kwangu, wala mimi sijaweza kwenda kwake.

Wiki hii nilimtuma mtu amwambie kwamba mwana wa Wandera anaondoka kwenda kucheza mpira wa kulipwa, na kwamba basi lake litapita Amagoro kesho asubuhi. Yule mtu anasema alisikiliza, akaendelea kupepeta mtama wake.

Ukifika Amagoro, chungulia upande wa soko. Ni mwembamba, anasimama wima sana, utamjua. Akiwa yupo, shuka. Msalimie kwa Kiteso, sema *yoga*, halafu mwambie wewe ni nani, jina la baba yako ulitaje lote. Akitaka kukutukana mwache amalize. Akitaka kukutazama tu, simama atazame. Basi likiondoka liache liende, kuna mengine.

Asipokuwepo, usimtafute. Endelea na safari.

Mama yako,
Nabwire